Mama Akae Mbele

Tangu nirudi kutoka Mbalibali mnapita kwangu wawili wawili, wanakwaya wenzangu. Mnakaa sebuleni, mnakunywa chai, mnauliza, "Mwalimu, ilikuwaje huko?" Nimechoka kusimulia kwa mafungu. Kila mmoja anaondoka na kipande chake, na Jumapili vile vipande vikikutanishwa nje ya kanisa havifanani hata kidogo. Nimesikia eti nilianguka mtoni. Sikuanguka popote. Nimechukua daftari langu la zamani la maandalio ya masomo, lina kurasa nyingi tupu, nimeandika yote humu. Someni, mpokezane, kisha mnirudishie daftari langu.

Yule sauti ya kwanza mgeni, aliyehamia kutoka Musoma, aliniuliza Ghati ni nani wangu. Nyie wengine mlicheka, lakini nitamjibu hapa. Mimi sikujaliwa mtoto wa kiume. Mume wangu alipofariki nikafanya kama wanawake wa Kikurya walivyofanya siku zote: nilitoa ng'ombe, nikaoa. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoita. Ghati ni mke wangu na wavulana wake wawili ni wa nyumba yangu, wana jina la marehemu. Mchungaji hapendi jambo hili, lakini kila Krismasi anakula kuku aliyepikwa na Ghati na sijasikia amevimbiwa. Ghati alizoea kuniita mama, kama mkamwana yeyote anavyomwita mama mkwe wake. Lishikeni neno hilo, maana safari yote iliharibikia hapo.

Nyumbani Turwa mpaka stendi

Habari ililetwa na mtu wa mtama aliyetoka Mugumu. Hakutaka hata kukaa. Alisema, "Mama yake Ghati, huko Mbalibali, amezidiwa. Anamwita Ghati. Mkienda, nendeni leo."

Simu kwetu bado hazijafika. Ukiambiwa nenda leo na mtu aliyekuja na gunia mgongoni, maana yake ni leo. Ghati aliingia ndani, na kabla sijafunga mlango nyuma ya yule mtu alikuwa ameshatoka na kisanduku kichwani, watoto ameshawapeleka kwa jirani.

Mimi nikasema siwezi kwenda ukweni kama mkimbizi. Ni lazima nioge maji ya moto, nipige pasi kitenge changu cha harusi za watu. Tukachelewa. Mkaa ulikuwa mbichi, ukatoa moshi tu, pasi haikushika moto, nikaulaani mkaa na muuza mkaa na ukoo wake wote. Sasa ninapoandika najiuliza: maji aliyachemsha nani? Pasi aliiwasha nani? Ghati alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko anapuliza, kisanduku chake kiko mlangoni, na mimi nimekaa kwenye kigoda namwambia apulize vizuri.

Stendi kulikuwa na lori la chumvi na sabuni. Linakwenda moja kwa moja: Nyamongo, mto Mara, Mugumu, hadi Mbalibali, jioni limefika. Mbele kwa dereva walikaa vijana wawili wa dhahabu, wamevaa mabuti meupe ya mpira yenye matope makavu. Mnaijua miaka hii. Matope ya machimbo ya Nyamongo kwenye buti ni cheo. Mtu akitembea mjini na buti safi anaonekana hana kazi. Wenye maduka wanamwacha mteja wa sukari na mizani mkononi ili wamkimbilie kijana wa buti chafu. Mtoto niliyemchapa darasani kwa kushindwa jedwali la tatu alinipita hapo stendi na redio kubwa begani, akanisalimia kwa kidevu.

"Nafasi ipo nyuma, mama," dereva akaniambia. "Juu ya magunia. Ni laini."

"Nusu ya madereva wa mji huu nimewafundisha kusoma namba za magari yao," nikamjibu. "Sipandi nyuma kama mbuzi wa mnada."

Ghati akanigusa kiwiko. "Mama, tupande tu. Mimi nitakushikilia."

"Litakuja jingine."

Lori likaondoka. Ghati aliliangalia mpaka lilipopotea kwenye kona, na baada ya kupotea akaendelea kuangalia ile kona. Nilikuwa nimekasirika kweli, nawawaza wale vijana wawili na makalio yao kwenye kiti ambacho ilikuwa haki yangu.

Stendi mpaka Kewanja

Jingine lilikuja jua limeshapita utosini. Pikapu ya mnunuzi wa dhahabu. Dereva wake alikuwa Odhiambo, Mkenya wa ng'ambo ya Sirari, anaongea Kiswahili kile chao. Kiti cha mbele kilikuwa na kijana mmoja tu, anaitwa Mwita. Jino la dhahabu, buti nyeupe, miwani ya jua, na manukato ya kutosha kuosha ng'ombe. Nikamchukia hapo hapo.

Ghati alizunguka upande wa dereva. Nilimsikia vizuri alichosema, na sitaongeza neno.

"Kaka, tafadhali, tusaidie. Mama anaumwa sana. Tunataka tuwahi."

Odhiambo akanitazama. Nimesimama kwenye vumbi, jasho linanitoka, uso nimeukunja kwa hasira za tangu asubuhi. Nadhani kweli nilionekana mgonjwa.

"Woi, pole mathe," akasema. "Si mngesema mapema? Mwita, shuka, enda nyuma. Mathe akae mbele."

Nilitegemea yule kijana wa manukato abishe, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia. Hakubisha. Akashuka, akanifungulia mlango, akafuta kiti kwa leso yake. Kisha akapanda nyuma pamoja na Ghati, juu ya mapipa na koleo, wakaanza kumeza vumbi.

Mtasema kwa nini sikumsahihisha Odhiambo. Kwanza sikuelewa. Nilidhani anasema pole kama watu wote wanavyosema pole. Nilielewa tulipokuwa tunapanda kuelekea Nyamwaga, aliponiuliza kwa sauti ya chini, "Na ni malaria, mathe, ama ni presha?"

Nikajibu, "Tunamshukuru Mungu."

Hilo ni jibu zuri sana. Halina uongo ndani yake, na mtu akilisikia anaongeza huruma. Odhiambo akapunguza mwendo ili mashimo ya barabara yasinitikise. Akapandisha kioo upande wangu. Akanipa chupa yake ya maji. Mimi nikaegemea. Nyuma nilisikia Mwita akimuuliza Ghati maswali na Ghati akijibu, lakini upepo ulikuwa unachukua maneno. Mara moja Mwita alipiga kofi juu ya kibanda, paa paa paa. Odhiambo akasema, "Wanataka tuharakishe," akakanyaga mafuta kidogo, kisha akakumbuka mgongo wangu akaachia tena.

Kewanja

Kijiji kile sikukitambua. Nilikwenda huko zamani kwenye ubarikio, palikuwa na nyumba zilizotawanyika na mashamba ya muhogo. Sasa palikuwa na mahema, vibanda vya mabati, mashine za kusaga mawe zinazonguruma mpaka meno yanacheza, wanawake wamekaa kwenye vumbi la mawe wanaponda kwa nyundo, na kila baada ya hatua tatu mtu anauza supu. Watu wa Kisukuma, Wajaluo, Wahaya, Wakenya. Ukimpisha mmoja njiani wanapita watano. Na wote wanajua nani apishwe. Buti chafu inapishwa na kandambili, gari linapishwa na buti chafu. Sikuhitaji kufundishwa. Nilikuwa ndani ya gari.

Tulipofika njia panda ya kwenda mtoni, Odhiambo hakukata kulia. Akakata kushoto.

"Tunakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Mathe, siwezi kukuacha hivi. Kuna kliniki hapa, mtu wa maana sana. Akuone kwanza."

Kizahanati chenyewe kilikuwa vyumba viwili vya mabati na kibaraza. Kibarazani na chini ya ukuta wamekaa watu: wanawake na watoto migongoni, wanaume waliofungwa vitambaa mikononi na vichwani, mzee mmoja anakohoa. Gari liliposimama mlangoni wote wakasogea bila kuambiwa. Odhiambo akaingia ndani, akasema maneno mawili na mhudumu, nami nikashikwa mkono nikapitishwa katikati yao.

Hapo ndipo Mwita alipotufikia, anahema. "Mama, samahani, huyu dada anasema kwamba mgonjwa siyo..."

"Kijana," nikamwambia, "shikamoo yangu iko wapi?"

Akavua miwani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukikutana na mtu mzima unaanza na hiyo. Mengine yanafuata."

Watu wakacheka. Mwita akainamisha kichwa, na lile alilotaka kusema likafia hapo, mimi nikaingia ndani. Nataka mjue kwamba nilijua alichotaka kusema. Nimekuwa mwalimu muda mrefu, namjua mtoto mwenye jibu sahihi kabla hajafungua mdomo, na najua namna ya kumkalisha.

Mhudumu alikuwa binti mpole. Akaniuliza, "Unaumwa wapi, mama?"

Nikasema, "Mgongo."

Na mgongo kweli uliniuma. Nani wa umri wangu haumwi mgongo? Akanilaza kwenye kitanda, kimoja tu walichokuwa nacho, chenye shuka safi. Akanipa vidonge viwili. Odhiambo akaniletea bakuli la mchuzi wa kuku kutoka mgahawa wa jirani, kuku wa kienyeji aliyekimbia maishani mwake, na ugali wa mtama na muhogo uliosongwa na mtu anayejua kusonga. Akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Mtu mwema kabisa. Ule mchuzi ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kunywa, na ninaukumbuka mpaka pilipili yake.

Kulikuwa na dirisha dogo la mbao. Nikiwa katikati ya bakuli, Ghati akatokea hapo, vumbi limemjaa mpaka kope.

"Mama. Lori la Mugumu linapakia watu, litapita Mbalibali. Ni la mwisho leo."

Mhudumu akamkatiza. "Dada, mwache mama apumzike. Mgonjwa hasumbuliwi."

"Mgonjwa si huyu," Ghati akasema. "Mgonjwa ni mama."

Yule binti akacheka kidogo, kama mtu anayemcheka aliyechanganyikiwa kwa uchovu. "Ndiyo, dada. Si huyu hapa, mama?"

Ghati akaniangalia mimi. Alikuwa anasubiri.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nimefundisha watoto kutunga sentensi miaka na miaka, kiima na kiarifu, nimewachapa kwa sentensi ambazo hazijakamilika. "Mgonjwa ni mama yake, yuko Mbalibali." Mtoto wa darasa la pili angeiweza. Lakini ningeisema, ningelazimika kushuka kwenye kile kitanda mbele ya wote wale waliokaa ukutani, nipite tena katikati yao nikiwa mzima wa afya, nikapande nyuma ya lori. Na bakuli lilikuwa bado na paja.

Nikasema, "Tutaondoka asubuhi, Ghati. Mgongo."

Nikamaliza mchuzi. Lori la Mugumu nililisikia likipandisha kilima. Nililala pale mpaka kulipokucha, usingizi wa kukoroma. Ghati alilala kibarazani, na nadhani hakulala.

Kuvuka mto Mara

Asubuhi hapakuwa na lori wala pikapu. Kulikuwa na trekta linalovuta tela la magunia, linakwenda mnadani Mugumu. Trekta lina kiti kimoja, na kiti hicho ni cha dereva. Nilizunguka lile trekta mara mbili natafuta mbele.

Basi nikapanda telani, kwa kuvutwa na kusukumwa, nikalalamika mwanzo mpaka mwisho. Ghati alikuwa ametandika kanga yake juu ya gunia ili nikalie. Yeye akakaa kwenye ubao wa pembeni, miguu inaning'inia, macho yako mbele tu, utafikiri anaivuta barabara.

Mbele yetu alikaa mwanamke mwenye mtoto aliyelala mapajani. Mikono yake ilikuwa na makovu ya kuponda mawe. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikaona amekosa adabu.

"Mgongo umepona?" akaniuliza.

"Mgongo gani?"

"Nilikusikia jana ukisema mgongo. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka mlangoni na huyu mtoto, anachemka. Ulipoingia wewe kitandani, yule binti akawa wako. Tukahudumiwa jioni."

"Mwanamke," nikamwambia, "hujui unaongea na nani."

"Najua. Naongea na mgongo."

Dereva wa trekta alicheka, na kelele zote zile za injini nikamsikia. Nikageuka kwa Ghati anitetee. Ghati aliongea, lakini si kunitetea.

"Huyu haumwi," alimwambia yule mwanamke. "Mama yangu ndiye anaumwa. Yuko Mbalibali. Ameniita tangu juzi."

"Na huyu ni nani?"

"Huyu ni mama."

Yule mwanamke alitutazama mmoja mmoja. Alikuwa Mkurya mwenzetu, haikumchukua muda. "Aa," akasema. "Ntobhu." Halafu akaninyooshea kidole. "Kwa hiyo jana walisikia mama anaumwa, wakakulaza wewe?"

Kidole hakukishusha.

"Na wewe ukalala?"

Nikageukia mbele. Tela lilikuwa linashuka kuelekea mtoni, maji yalikuwa mekundu kwa udongo, na upande wa pili ng'ombe wamesimama wanakunywa. Yule mwanamke akamhamishia mtoto wake goti la pili. Akaweka mkono wake wenye makovu juu ya mguu wa Ghati.

"Pole, mwanangu," akamwambia.

Nikafanya hesabu nikiwa nimekaa juu ya ile kanga. Tangu stendi nimepewa pole na Odhiambo, na Mwita, na mhudumu, na wapita njia nisiowajua. Ile ilikuwa pole ya kwanza kwa Ghati. Na hata hapo, jambo lililoniuma lilikuwa kwamba nimeitwa mgongo.

Mugumu mpaka Mbalibali

Mugumu tulimkuta mtu wa baiskeli. Anabeba mmoja tu.

Ningependa kuwaandikia kwamba nilimwambia Ghati apande yeye, awahi. Baada ya maneno yote yale ya kwenye tela mngetegemea hivyo. Ukweli ni kwamba mtu wa baiskeli alisema, "Karibu, mama," akapangusa kiti cha nyuma, na nilipokumbuka kwamba kuna jambo la kufikiria nilikuwa nimeshakaa. Mwili wangu ulijua mahali pake bila kuniuliza. Ghati akajifunga kanga kiunoni, akabeba kisanduku, akakimbia nyuma yetu.

Njia ile ina mchanga. Mtu wa baiskeli alikuwa anashuka na kusukuma kila mara, mimi nikiwa juu. Kwa hiyo Ghati alitupita. Nilimwona mbele yetu anakimbia na kisanduku kichwani, mkono mmoja umekishika, anapungua mpaka akawa doa la kanga kati ya mashamba ya mtama. Hakugeuka hata mara moja.

Mbalibali

Nilipofika uani watu walikuwa wengi na wamekaa kimya. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, udongo umerundikwa kando ya zizi. Ghati alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya mama yake, kisanduku bado kichwani. Hakuna aliyempokea.

Walinipokea mimi. "Mkwe amefika!" mtu alisema, na watu sita wakanyanyuka. Kaka yake Ghati mkubwa akaniletea kiti chenye mgongo, walichoazima kanisani. Akaniletea maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe. Akaniambia, "Pole, Mwalimu. Pole kwa safari, pole kwa msiba. Tulisema hatuziki mpaka mkwe afike."

Nikauliza amefariki lini.

"Leo alfajiri."

Alfajiri. Hapo nilikuwa kwenye kitanda cha mgonjwa, nimejifunika shuka.

Shangazi yake Ghati ndiye aliyemsimulia, pale pale mlangoni, nami nikiwa kwenye kiti changu nikasikia kila neno. "Jana alikuwa na nguvu kidogo. Jioni yote alikuwa anakuuliza. Likisikika gari barabarani anasema, huyo ni Ghati, mpisheni apite. Lile la chumvi lilipopita akataka tumkalishe akuone ukiingia. Tukamkalisha. Usiku likaja lingine, akasema tena, huyo ni Ghati. Halafu akaacha kuuliza."

Magari mawili. Ningeweza kuwaonyesha mahali nilipokuwa nimekaa kila lilipopita.

Ghati alishusha kisanduku. Alikuwa bado hajalia, nadhani alikuwa anatafuta pa kuanzia. Shangazi akamkabidhi ndoo. "Njoo tukachote maji, mwanangu. Mgeni hajanywa."

Mgeni nilikuwa mimi.

Nikasimama. Nawaambia kweli, nilisimama, nikasema niacheni, mimi nitaenda kuchota, yeye abaki na mama yake. Watu watatu wakanishika mabega wakanirudisha kitini. "Kaa, Mwalimu. Umechoka. Kaa." Wakacheka kwa upole, wakaniona nina moyo mzuri. Mkwe anayetaka kuchota maji! Nikakaa. Ghati akapita mbele yangu na ndoo, na alipokuwa anapita alisimama.

"Mgongo unaendeleaje, Mwalimu?" akaniuliza.

Aliuliza bila kejeli. Kejeli ni yangu mimi, ndiyo niliyozoea kuitumia. Yeye aliuliza tu, akasubiri nijibu kama alivyosubiri pale dirishani. Kisha akaenda mtoni.

Walinipakulia nyama ya kwanza.

Kurudi

Wakati wa kurudi nilikuwa peke yangu, Ghati alibaki kwenye matanga. Nilipanda nyuma ya lori, juu ya magunia. Msinisifu. Dereva alisimama mara mbili kuja kunibembeleza nihamie mbele, na mara ya pili nikahamia.

Pale Kewanja lori liliposimama nilimwona Mwita kwenye kibanda cha supu. Alikuja mbio, akanipa shikamoo kabla hajanifikia, kwa sauti, watu wote wasikie. Halafu akauliza, "Yule dada alimkuta mama yake?" Kijana wa manukato na jino la dhahabu, ambaye nimewachekesha nyie kwa ajili yake wiki nzima. Nikamwambia hapana. Akavua miwani, akasema, "Mama, mimi nilijaribu kusema." Nikamwambia najua.

Ghati amerudi wiki mbili zilizopita. Kazi zote anafanya. Chai mnayokunywa sebuleni kwangu anaipika yeye, maandazi ni yake, anabisha hodi, anaweka sinia mezani, anatoka. Wavulana anawaosha, anawapeleka shule. Sina la kumlaumu hata moja. Ila haniiti mama tena. Ananiita Mwalimu, kama nyie. Asubuhi nikimwita anaitika, "Abee, Mwalimu," na anakuja upesi kama zamani. Sijamuuliza kwa nini. Naogopa atanijibu.

Na nyie, wanakwaya. Mmekuja wote, hakuna aliyekosa. Mmenishika mkono, mmeniimbia, mmeniombea, mmeniambia pole Mwalimu kwa kufiwa na mkwe, pole Mwalimu kwa njia mbaya, pole Mwalimu kwa mgongo. Mmepokea vikombe kutoka mkononi mwa mwanamke aliyefiwa na mama yake, mkamwambia chai haina sukari ya kutosha. Siwacheki. Mimi ndiye niliyewafundisha kupitia mlango wa mbele.

Mwanzo niliandika mnirudishie daftari langu. Nimebadili. Aliyemaliza kulisoma asije sebuleni. Apite nyuma, uani, kwenye jiko, ampe pole Ghati. Wa mwisho kulisoma, daftari amwachie yeye. Anajua kusoma.